Sabuni ya Mtoto wa Kuazima

Mama yetu alinituma Masisi kwa sababu moja: kati ya watoto wake wote, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina cha kuacha nyuma. "Hauna bwana, hauna shamba, hauna kazi," aliniambia. "Lakini uko na miguu." Hakunionea. Shule ya masista niliiacha mapema, nilipokuwa nimeshajua kusoma na kushona kifungo, nikaona kilichobaki ni vifungo vingine. Tangu hapo nilikuwa nikipanda na kushuka na wachuuzi, kutoka Walikale hadi Hombo, kutoka Hombo hadi popote palipokuwa na mtu wa kuulizwa maswali. Ilikuwa miaka ya hamsini. Barabarani kamyo za mizigo zilipita, na dereva akipewa mkungu wa ndizi hakuuliza msichana anakwenda wapi.

Habari zililetwa na mchuuzi wa maharagwe. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko juu milimani, alikuwa amejifungua mtoto wa pili, mvulana, na tangu siku hiyo hakuwa mgonjwa wala mzima. Mchuuzi alijaribu kueleza zaidi, akashindwa, akaomba maji ya kunywa. Mama akakata shauri kwamba mwanawe amekosa mawese. Kwetu, chini kwenye joto la msitu, tuliamini kuwa mtu akikosa mawese hukosa na akili, na watu wa milimani wanaochemsha maharagwe kwa maji na chumvi tuliwahurumia kama mayatima. Basi nikapanda na chupa ya mawese, nikiwa na hakika kwamba nimebeba dawa.

Nilimkuta kitandani, uso ukutani. Ukuta wenyewe haukuwa na kitu: udongo, na fito chache zilizoanza kutokeza. Aliutazama kama mtu anayengoja utamke neno. Nilimsalimu kwa lugha yetu ya nyumbani, akaitikia, akaniuliza hali ya mama, akasikiliza jibu lote kwa adabu, kisha akarudi kwenye kutazama kwake. Nilipika sombe, yale majani ya mihogo, kwa mawese mpaka nyumba nzima ikanukia kwetu. Alikula matonge mawili matatu, akasema ni tamu, akageuka. Hapo ndipo elimu ya mama na yangu ilipofia, ikiwa bado na mafuta mdomoni.

Mtoto alikuwa amelazwa nyuma ya mgongo wake, macho wazi, kimya. Alikuwa na uso wa mzee aliyekwisha kusikia kesi nyingi. Kila mgeni aliyeingia alimsifu. Mtoto mpole, walisema. Hasumbui. Mtoto wa Kikristo kweli. Mimi sikuwahi kuzaa, lakini nilikuwa nimelala katika nyumba nyingi za watu, na mtoto mchanga asiyelia sikuwahi kumwona. Huyu alikuwa amelia mwanzoni, nikaambiwa, tena sana, kisha akaacha mwenyewe. Mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyeji naye huacha. Sisi tukamwita mpole.

Dada yake, mtoto wa kwanza, alikuwa msichana ambaye meno yake ya maziwa hayajaanza kung'oka. Alijua kuchoma viazi kwenye majivu na kuosha vyombo, na watu walimsifu pia, kwa sababu mlimani kule mtoto anayefanya kazi ya mtu mzima haulizwi kwa nini. Kabla ya kuingia ndani alisimama kwanza mlangoni, akachungulia uso wa mama yake, ndipo akaamua kama ataingia au atarudi uani. Leo ni mama wa watu, ana nyumba ya mabati, na bado hasalimii mtu kabla hajamsoma usoni. Mumewe anadhani ni heshima. Siku zile mchezo wake ulikuwa gunzi la mahindi, alilolifunga kitambaa na kuliita mama. Alililaza chini, uso wake ameugeuzia ukuta, kisha akaja kuninong'oneza nisiongee kwa sauti, kwa kuwa mama amelala.

Kila mtu pale alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilifanana na mwenye kulitoa. Mama mkwe wa dada yangu, mwanamke hodari wa jembe na kiongozi wa akina mama wa kanisa, alisema ni uvivu. Katekista alisema ni dhambi iliyofichwa. Alikuja kuomba mlangoni, na sala yake ilirefuka ikiwa chungu kimo jikoni, ikafupika kikiwa kimekwisha pakuliwa. Muuguzi wa dispensari, ambaye wote tulimwita daktari naye hakutukataza, alisema ni minyoo. Yeye aliona minyoo katika kila mwili, kama wengine wanavyoona pepo, na dawa yake ilikuwa chungu kiasi kwamba mtu alisema amepona ili asipewe nyingine. Mzee mmoja aliletwa kutoka upande wa Shasha, kule ziwani, kwa siri ili katekista asijue, ingawa katekista mwenyewe ndiye aliyewaelekeza njia. Mzee akasema kuna babu aliyekasirika kwa kuwa mtoto hakupewa jina lake. Jina likabadilishwa, kuku akaliwa, babu akaridhika. Dada yangu hata hakuambiwa.

Shemeji yangu, mumewe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatengeneza paa. Paa lilikuwa zima, halikuvuja, lakini mwanaume aliyeshindwa kumsemesha mkewe lazima apande juu ya kitu. Alishinda huko siku nzima akichomoa nyasi nzuri na kuweka nzuri nyingine, na jioni alishuka amechoka, akala, akalala. Sikumlaumu sana. Na mimi kila jambo likinishinda huwa natafuta kamyo.

Siku moja nilimuuliza dada swali ambalo sikumsikia mwingine akimuuliza. Sikuuliza kwa huruma, niliuliza kwa udaku, ndiyo tabia yangu. Nilimuuliza anaona nini pale ukutani.

"Hakuna," alisema. "Ukuta hauniombi kitu."

Niliendelea kuwacheka watu wa mlimani hadi siku niliposikia neno moja: kumrudisha. Wazee wa upande wa shemeji walikuwa wamekaa kwenye kasiksi, pombe ile ya ndizi, wakakubaliana kwamba mahindi yakishavunwa watamshusha dada yangu hadi Walikale, wamkabidhi kwa baba yetu, waseme: mke tuliyepewa hafanyi kazi. Kama mtu anavyorudisha jembe lililolegea mpini. Watoto wangebaki, kwa sababu watoto ni wa ukoo wa baba. Nilimuuliza mama mkwe kuhusu yule mchanga, atanyonya wapi. Akasema maziwa ya ng'ombe yapo. Yalikuwepo, ni kweli. Na juu ya kilima, nyuma ya kanisa, vilikuwepo pia vilima vidogo vya watoto walionyweshwa maziwa ya ng'ombe na bibi zao. Huyu hakuwa na nyama ya kumfikisha hata msimu wa mvua. Wakimtoa mama yake, mtoto atakufa. Wakimwacha mama yake vile alivyo, atakufa polepole zaidi. Hiyo ndiyo hesabu tuliyokuwa nayo mwaka ule, na mahindi yalikuwa yameanza kukauka.

Sasa nieleze kilo. Akina mama wote wa upande ule walipeleka watoto wao kilo, yaani kwenye mizani ya dispensari, ambako masera mmoja, mtawa wa Kizungu mwenye mikono mikubwa, aliwaning'iniza watoto kwenye ndoano kama samaki na kusoma uzito wao. Mtoto aliyenenepa kuliko wote alipewa kipande cha sabuni. Sabuni hiyo haikufua nguo hata siku moja. Iliwekwa juu ya kabati, au juu ya ukuta kwa wasio na kabati, mgeni aione. Mama mkwe alikuwa nazo kadhaa, za wajukuu wake kwa watoto wake wengine, zimepangwa kama mashahidi. Mwanamke aliyekuwa akiwafundisha wenzake malezi kila Jumapili angeenda vipi kumning'iniza mbele yao mjukuu aliyefanana na panya aliyenyeshewa?

Hakwenda naye. Ng'ambo ya bonde dogo palikuwa na jirani, mke wa mchunga ng'ombe, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na sifa mbaya kanisani, kwa kuwa alicheka wakati wa mahubiri. Mtoto wake alilingana umri na wetu, mnene kama kibuyu. Mama mkwe alimwazima. Alimfunga kwa kikwembe, kitenge cha mjukuu wake, akamtia kofia ya mjukuu wake, akashuka naye hadi dispensari kwa jina la mjukuu wake. Mimi nilikwenda nyuma, kwa kuwa jambo kama lile nisingeliona tena popote duniani.

Mizani ilizama. Masera alifurahi, akauliza mama wa mtoto huyu yuko wapi.

"Analima, masera," alisema mama mkwe.

Ungedhani ameambiwa kwamba Bwana Yesu amerudi. Mwanamke aliyejifungua juzi, tayari yuko shambani, na mtoto mnene namna hii! Masera akaligeuza jambo kuwa fundisho, akawaambia wanawake wote waliokaa chini kwamba huyu ndiye mama wa kuigwa. Kisha akasema yeye mwenyewe atapanda mlimani wiki inayofuata, amwone mama huyo kwa macho yake na kumpa mkono. Mama mkwe alipokea sabuni kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu akipokea zawadi kwa uso wa mtu aliyehukumiwa.

Njiani hata hofu haikumzuia kugombana. Jirani alikuwa anatungoja bondeni kumchukua mtoto wake, na alipoiona sabuni alinyoosha mkono.

"Sabuni iko ya mutoto wangu. Njo ye alipandaka ku kilo, si mujukuu yako."

"Alipanda na jina letu," alisema mama mkwe.

"Jina haina uzito, mama."

Nililazimika kukaa chini kwa kucheka. Mwishowe waliafikiana: jirani atapata sabuni yote, lakini siku ya mgeni ataketi katika nyumba ya dada yangu na mtoto wake mapajani, na atakuwa mke wa shemeji yangu mpaka masera atakaposhuka mlima. Shemeji aliulizwa maoni yake. Alisema paa bado halijaisha.

Nyumba ilipakwa udongo mpya. Uani palifagiliwa mpaka kuku wakapotea wasijue pa kuparua. Dada yangu aliondolewa kitandani, akapelekwa na mtoto wake kwenye banda la nyuma, palipohifadhiwa maharagwe, akalazwa kati ya magunia. Hakukataa. Alikuta ukuta huko pia.

Masera alifika amekuwa mwekundu kwa mwinuko, daktari wetu wa minyoo akihema nyuma yake. Alipewa kiti. Jirani aliketi mbele yake amejifunika vizuri, ametulia kama picha ya kanisani, na kwa muda mambo yalikwenda sawa. Masera alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kama kola iliyotiwa wanga. Aliuliza mama ana watoto wangapi. Jirani, aliyesahau amekuwa nani, akasema sita. Mama mkwe akakohoa. Jirani akasema wawili. Masera akacheka kwa upole, akidhani mama amechoka kwa kulima, akamgeukia mtoto wa dada yangu aliyekuwa amesimama kando ya mlango, akamuuliza kama anampenda mama yake.

Mtoto aliutazama uso wa masera kwanza, kama ilivyokuwa kawaida yake. Ulimridhisha.

"Mama iko mu ukuta," alisema, akaonyesha banda kwa kidole.

Hakuna aliyesogea isipokuwa masera. Alizunguka nyuma ya nyumba kwa hatua ndefu, sisi tukimfuata kama maziko. Alisukuma mlango wa banda, akaona.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa dini, alianza na uongo. Alitugombeza kwa uongo muda mrefu, akitaja na amri yenyewe, huku mtoto wa kweli akiwa miguuni pake na mbavu zake zikihesabika. Kwao kuna utaratibu, uongo kwanza, njaa baadaye. Lakini alipomaliza aliinama, akamchukua yule mtoto, akampima kwa mikono mitupu, na nikaona hakuhitaji mizani. Aliketi juu ya gunia la maharagwe. Alimwekea dada yangu mkono begani, akauacha hapo, na hilo sikulitarajia. Kisha akatuambia kwamba hata kwao Ulaya wako wanawake ambao baada ya kuzaa hugeukia ukuta. Nikajisemea moyoni kwamba angalau kuta za kwao zimepakwa rangi. Akasema si uvivu, naye hajui vizuri ni nini, lakini mama huyu asiachwe peke yake mchana, na mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine mpaka mama yake atakapoweza.

"Na minyoo, masera," alisema daktari.

"Na minyoo," alisema masera, ili anyamaze.

Akaongeza neno moja la mwisho, na hilo ndilo lililofanya kazi. Alisema atapanda kila mwezi kumwona mama huyu.

Wakwe wa dada yangu walikuwa wameweza kuvumilia mke kulala, mtoto kukonda, na mimi kula chakula chao. Lakini mtawa wa Kizungu apande mlima kila mwezi, watu wa vilima vyote wakimtazama anapita, aje akute mke amerudishwa na mtoto amezikwa? Wazee walikutana tena kwenye kasiksi. Safari ya Walikale ikawa imeingiliwa na mvua, mvua ambayo haijanyesha. Mmoja wao aliniambia kwa uso mkavu kwamba hawakuwahi kuwa na nia hiyo, ni wanawake tu wanaopenda maneno.

Jirani alianza kumnyonyesha mtoto wetu pamoja na wake, mmoja huku mwingine kule, akisema sasa sabuni moja ni dharau. Na akina mama wa kanisa walipangwa na mama mkwe kukaa na dada yangu kwa zamu. Usidhani walikuja na faraja. Walikuja na maharagwe yao ya kuchambua, wakaketi kitandani kwake kama mtu anavyoketi kwenye gogo, na wakasengenya. Walimsengenya kila aliyekosekana siku hiyo, na kesho yake aliyekosekana akaja kuwasengenya wao. Mimi nilikuwa mbinguni. Niliyojua kuhusu Masisi yote nilijifunza pale.

Katika siku hizo nilimfuata mama mkwe shambani, nimchokoze kidogo. Nilimuuliza kama sasa amekubali kwamba haukuwa uvivu, maana masera amesema.

"Unafikiri dada yako njo wa kwanza?" alisema, jembe halikusimama. "Na mimi ilinikamataka, nyuma ya kuzaa mutoto wa tatu. Nililimaka."

Nilimuuliza, na mtoto yule wa tatu?

"Hakubakia."

Kisha akaniambia nisogee, nimekanyaga mihogo. Nilisogea. Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni ya kumcheka, nikayameza, na mpaka leo sijui niyapeleke wapi.

Hakuna siku dada yangu alipoamka na kuimba. Wanaosimulia hivyo wanauza kitu. Kulikuwa na asubuhi moja wanawake wakimsema binti fulani aliyemwacha mumewe, wakisema aliondoka baada ya mavuno akibeba na akiba yote. Sauti ikatoka kitandani.

"Hapana. Aliondoka mbele ya kuvuna. Angebeba nini?"

Wanawake wote waliacha kuchambua. Dada yangu alikuwa bado amelala, lakini amelala chali, akitazama juu, na amekasirika kwa sababu watu wanaharibu hadithi. Mwenzao mmoja akambishia. Akajibu. Mwingine akaleta shangazi wa yule binti kuwa ushahidi, na dada akasema shangazi huyo ni mwongo tangu ubatizo. Nilitoka nje kumwambia shemeji. Alikuwa juu ya paa. Alishuka haraka akakosa ngazi, akaanguka kwenye majani ya maboga, na hiyo ndiyo sherehe pekee tuliyoifanya.

Kesho yake aliutazama ukuta tena. Keshokutwa alikaa uani kidogo. Ndivyo ilivyokwenda, mbele na nyuma, na maziwa yake yalikuwa yamekauka, kwa hiyo mtoto aliendelea kwa jirani na kuwaita mama wote wawili alipopata maneno. Mtoto mkubwa hakuacha kuchungulia. Niliondoka mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na dada yangu akiwa bado kwa mumewe. Aliniambia niende, nimekaa sana, ninaongea mno.

Nilifika Walikale na matope hadi magotini. Mama hakuningoja nikae. Aliniuliza kama mwanawe amepona.

Nilimfikiria dada akiwa amelala chali, akibishana. Nilifikiria kesho yake.

"Hawakumrudisha," nilisema.

Mama alishusha pumzi. Akaniuliza kwa nini masera anapanda kila mwezi nyumbani kwa binti yake, kwa maana mchuuzi alikwisha kumletea na habari hiyo. Nilianza kumweleza yote, ukuta, mtoto wa kuazima, gunia la maharagwe, lakini hakusubiri. Alikwisha kujifunga kikwembe kizuri na alikuwa uani, akimwita jirani yetu juu ya ua. Nikamsikia akimwambia kwamba binti yake wa Masisi ameshikwa vizuri sana kwa wakwe, tena ni mama wa mfano, mpaka Wazungu wanapanda mlima kumwangalia.